Majibu Yaliyopigwa Pasi

Kila asubuhi, kabla kengele haijalia, Redio alikuwa ameshafika ofisini kuomba ufunguo wa kabati. Ndani ya kabati hilo vililala vishikwambi vya darasa la sita, vimesimamishwa wima kama vitabu, kila kimoja na waya wake wa chaji. Redio alivichomoa, akavifuta vioo kwa kitambaa alichokatiwa na mama yake, akavipanga kikapuni na kuvibeba darasani huku akipiga soga na kila aliyekutana naye njiani: mpishi wa shule, mlinzi wa getini, hata jogoo wa mlinzi. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeshasahaulika pale shuleni. Msichana anayeanza kusema anapoamka na kunyamaza anapolala angeitwa nini tena?

Kazi hiyo ya vishikwambi aliachiwa na mwalimu wao wa hesabu. Naye huyo watoto walimpa jina lake: Mwalimu Nionyeshe. Hata ukimpa jibu sahihi hakukuwekea alama ya vema mpaka kwanza aseme, "Sawa, nionyeshe umefikaje hapo."

Mwanzoni mwa mwaka aliwaaga. Alikuwa anakwenda chuo cha mbali, mwaka mzima, kufanya utafiti. Alitaka kujua kama vishikwambi vinamsaidia mtoto kuelewa hesabu au vinamfurahisha tu.

"Safari hii mimi ndiye mwanafunzi," aliwaambia, anacheka na huku macho yamemlowa. "Na nyinyi ndio mtakaonisaidia. Kila wiki nitawatumia kazi. Mkishafanya, Redio atanitumia majibu yenu. Nikiyaona, nitajua wiki inayofuata niwafundishe nini."

Siku hiyo kichwa cha Redio kilivimba, nusura kikwame mlangoni.

Utaratibu wenyewe ulikuwa rahisi. Ijumaa, kipindi cha mwisho, darasa lilifanya zoezi. Mtandao haukufika darasani, ulifika ofisini tu. Kwa hiyo kengele ikilia, Redio alivikusanya vishikwambi, akavipeleka kwenye chumba kidogo kilichopakana na ofisi, akavifungua kimoja kimoja na kubonyeza neno Tuma. Mwalimu wa muda, kijana aliyeletwa kushika nafasi ya mwenzake, hakuingilia. Wasiwasi wake ulikuwa umeme. "Mmechaji?" aliuliza asubuhi. "Mmechaji kweli?" aliuliza mchana. Haukupita muda naye akapata jina: Mwalimu Chaji.

Sasa, Ijumaa moja, Redio akiwa peke yake kwenye chumba kile, alimsikia mwalimu mkuu akizungumza na Mwalimu Chaji upande wa pili wa mlango.

"Hizi hesabu za sehemu zinawashinda watoto," mwalimu mkuu alisema. "Mimi nina hofu. Mwenzetu kaacha nyumba yake, kaenda kukaa ugenini mwaka mzima. Matokeo yakiwa haya haya, atarudi na nini mkononi?"

Redio aliganda, kidole kiko hewani. Kishikwambi kilichokuwa mapajani mwake kilikuwa cha Ngoja, mvulana waliyekaa naye dawati moja. Ngoja aliitwa hivyo kwa sababu kila alipoulizwa swali alianza na "ngoja kwanza", na mara nyingine jibu liliishia hapo hapo. Swali lilisema: nusu jumlisha theluthi. Ngoja alikuwa amejumlisha za juu kwa juu na za chini kwa chini, akapata mbili juu ya tano. Maswali mengine aliyashona kwa mtindo huo huo mpaka mwisho.

Redio aliwaza haraka haraka. Mwalimu alisema yeye ndiye mwanafunzi. Mwanafunzi hufanya mtihani. Kama mtihani wake ni alama za darasa la sita, basi huyu Ngoja peke yake anatosha kumfelisha. Hakuna aliyewahi kumweleza utafiti unavyokwenda, naye, pamoja na mdomo wake wote ule, hakuuliza.

Mama yake alikuwa fundi cherehani. Kazi ya Redio karakanani ilikuwa kupiga pasi nguo zilizokwisha kushonwa, kabla wenyewe hawajazifuata. Nguo inabaki ile ile, mikunjo tu ndiyo inayoondoka. Akajiambia, hii nayo ni pasi tu. Akalifuta jibu la Ngoja, akaandika tano juu ya sita, akanyoosha na mengine yaliyofuata. Kisha akabonyeza Tuma.

Ijumaa iliyofuata alipiga pasi majibu ya wengine pia. Hakunyoosha yote. Aliacha kosa hapa na kosa pale, ili yasitiliwe shaka. Baada ya wiki kadhaa mkono ukawa mwepesi.

Siku moja asubuhi Mwalimu Chaji aliingia darasani na simu yake, akawachezea ujumbe wa sauti kutoka mbali. "Wanangu, mmenishangaza," sauti ya Mwalimu Nionyeshe ilisema. "Sehemu mmezimaliza kabla ya wakati niliodhani. Sasa tunaingia kwenye asilimia. Na wewe Ngoja, baba, umenifurahisha kuliko wote. Endelea hivyo hivyo."

Ngoja aligeuka nyuma kutazama kama kuna Ngoja mwingine.

"Ngoja kwanza," alinong'ona. "Mimi? Mbona nilikuwa nabahatisha?"

"Basi unabahatisha vizuri," Redio alimjibu, na dawati zima likacheka.

Lakini kicheko hicho hakikwenda mbali. Asilimia zilikuja zikiwa zimebeba sehemu mgongoni, na sehemu zenyewe hazikuwa zimeeleweka. Watoto walikodolea vioo macho. Hakuna aliyenyoosha mkono kuuliza. Kila mmoja alikuwa amesikia kwa masikio yake kwamba darasa limeelewa, kwa hiyo kila mmoja alidhani mbumbumbu ni yeye peke yake. Redio aliwaona, akainamia kishikwambi chake. Kadiri walivyozidi kukosea ndivyo yeye, kila Ijumaa, alivyozidi kuwa na kazi ya kunyoosha.

Ngoja naye akavaa sifa kama kofia mpya. Aliishi na bibi yake, na bibi alikuwa hampiti jirani bila kumsimamisha. "Mjukuu wangu kasifiwa na mwalimu aliye chuoni," alisema, na jirani asiposhangaa vya kutosha alisimuliwa tena.

Mwaka ulipokaribia ukingoni, Mwalimu Chaji alileta habari. "Jumatatu ijayo Mwalimu Nionyeshe anakuja. Atafuatana na profesa anayemsimamia huko chuoni. Wazazi wote wanakaribishwa. Na Ngoja, jiandae. Amesema anataka wewe ndiye uende ubaoni, uwaonyeshe wageni unavyojumlisha sehemu."

Darasa lilimpigia Ngoja makofi. Redio alipiga makofi mawili, akaacha.

Kesho yake mchana Ngoja alimvuta nyuma ya darasa. Alikuwa na kipande cha chaki na uso wa mtu aliyeambiwa aruke ukuta.

"Redio, nina tatizo la ajabu," alisema. "Nikiwa na kishikwambi napata. Nikishika chaki sipati. Jana nimejaribu ukutani kwa bibi mpaka kanifukuza. Labda kile kioo ndicho chenye akili, siyo mimi."

"Hebu fanya hili." Redio akamwandikia nusu jumlisha theluthi. Ngoja akaandika mbili juu ya tano, akamtazama kwa matumaini.

"Kariri tu," alimwambia. "Nusu na theluthi ni tano juu ya sita. Ukiulizwa, sema hivyo."

"Na akisema nionyeshe umefikaje hapo?"

Redio alilifuta lile swali kwa kiganja, akamrudishia chaki.

Kuanzia siku hiyo alinyamaza. Chakula hakikupanda, usingizi ulikuja kwa kuibia. Kila alipofumba macho alimwona Ngoja ubaoni, chaki mkononi, bibi yake kwenye benchi la mbele, na watu wanasubiri. Mlinzi wa getini alimsimamisha asubuhi. "Vipi leo, Redio? Betri zimekwisha, au mitambo imeharibika?" Redio alitabasamu kwa nusu ya mdomo, akapita. Hata jogoo hakusalimiwa.

Jumamosi alikuwa karakanani kwa mama, anapiga pasi sketi za shule. Mlango ukafunguliwa kwa nguvu, akaingia mteja mmoja, mama mnene mwenye sauti kubwa, gauni mkononi.

"Fundi, umenivunjia heshima," alisema, akalitandaza gauni juu ya meza. Mshono wa ubavuni ulikuwa umeachia kuanzia kwapani mpaka kiunoni. "Nimeinama kumsalimia mtoto wa watu, nasikia prrrr."

Mama hakubishana. Alichukua utepe wake shingoni. "Simama, dada. Simama kama unavyosimama nyumbani, ukiwa hakuna mgeni."

Mteja akasita, kisha akashusha pumzi. Tumbo likarudi mahali pake. Mama akazungusha utepe, akausoma, akamtazama machoni.

"Siku ile nikikupima ulivuta tumbo ndani."

Mteja alianza kukana, kisha mabega yakamcheza kwa kicheko. "Kidogo tu, fundi. Nilitaka namba ipendeze."

"Utepe hausifiwi kwa namba nzuri, dada yangu. Mimi nilikata kitambaa kwa vipimo ulivyonipa. Nikamshonea mtu ambaye hayupo. Gauni limepasuka kwako wewe uliyepo."

Wote wawili wakacheka. Redio hakucheka. Alisimama na pasi juu ya sketi, akimfikiria mwalimu wake huko mbali, anakata masomo kwa vipimo vya darasa ambalo halipo.

"Wee mtoto, unaniunguzia," mama alisema, akaiondoa pasi. Kwenye sketi palibaki alama ya kahawia. Alitaka kugomba, lakini alipomwona mwanawe uso, aliiweka pasi pembeni, akamsindikiza mteja mlangoni, akafunga.

"Haya. Tangu juzi nyumba yangu imekuwa kimya kama ya wenye msiba. Toa yaliyomo moyoni."

Redio akayatoa yote. Maneno yalimwagika kama gunia lililotoboka: mwalimu mkuu nyuma ya mlango, majibu ya Ngoja, Ijumaa moja baada ya nyingine. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akizungusha utepe kidoleni.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi Jumatatu umwambie mwalimu, kabla huyo mwenzako hajashika chaki. Na mwenzako umwambie kabla ya mwalimu, maana yeye ndiye anayekwenda kupasukiwa mbele za watu."

"Nitamwambiaje, mama?"

"Kama ulivyoniambia mimi. Lakini usiyapige pasi."

Jumatatu, tangu alfajiri, Redio alimsubiri Ngoja getini. Alikuja amevaa shati jeupe lililonyooshwa mpaka kola imesimama. Midomo yake ilikuwa inatembea: tano juu ya sita, tano juu ya sita.

"Ngoja, nisikilize. Zile hesabu hukupata wewe. Nilikuwa nazibadilisha mimi kabla ya kutuma."

Ngoja alimtazama. Alisubiri pale ambapo Redio angesema anatania. Hapakuja.

"Zote?"

"Karibu zote."

"Kwa hiyo zile hongera zilikuwa zako." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Bibi kaamka kabla ya jogoo kunifulia hili shati. Na nilianza kudhani mimi si mjinga."

"Wewe si mjinga."

"Usinifanyie hesabu tena, Redio," Ngoja alisema. Akaondoka, akafika kwenye mti wa uani, akageuka. "Twende kwa mwalimu. Nataka nisikie ukisema."

Mwalimu Nionyeshe alikuwa ofisini, amekonda kidogo, begi lake limejaa karatasi za utafiti. Alipomwona Redio alifungua mikono. Redio hakuingia kwenye mikono ile. Alisimama penye mlango, akasema yote. Aliposema tu, mikono ya mwalimu ilishuka.

"Nionyeshe," alisema.

Redio akachukua kishikwambi, akaonyesha: hapa nilifungua, hapa nilifuta, hapa niliandika, hapa nikatuma. Mwalimu alikaa chini taratibu, kama mtu anayekaa kwenye kiti asichokiamini.

"Tangu lini?"

"Tangu sehemu."

Mwalimu aliligeukia begi lake. Aliweka kiganja juu ya karatasi zile, hakuzifungua. "Muhula mzima," alisema. "Na mimi nimewakimbiza mpaka asilimia."

"Nilitaka ufaulu, Mwalimu. Nilisikia kwamba tukikosa utarudi mikono mitupu."

"Nani alikuambia mimi nafaulu kwa alama zenu?" Mwalimu aliuliza. Hakuwa amepandisha sauti, na hilo liliuma zaidi. "Redio, sikwenda huko kutafuta vema. Makosa yenu ndiyo niliyokuwa nayasubiri kila wiki. Kosa la Ngoja lingeniambia Ngoja amesimama wapi, ningerudi kumshika mkono. Ulipolifuta, ulinizima taa."

Machozi yalimtoka Redio. Mwalimu hakumkataza kulia. Alinyanyuka, akatoka kwenda kwa profesa, mzee mmoja mrefu aliyekuwa uani anasubiri. Kupitia dirishani Redio aliwaona wakizungumza. Aliona paji la uso la profesa likikunjamana, mkono wa mwalimu ukieleza. Wazazi walikuwa wameshajaa darasani. Bibi wa Ngoja alikuwa benchi la mbele kabisa.

Mwalimu alirudi. "Ngoja, baba, halikuwa kosa lako. Hulazimiki kwenda ubaoni leo."

"Ngoja kwanza," Ngoja alisema. Akainyoosha kola ambayo tayari ilikuwa imenyooka. "Nitakwenda. Lakini nitaandika ninavyojua mimi."

Akaenda. Kabla hajaanza, Redio alisimama mbele ya darasa na wazazi, akawaambia alichofanya. Aliyasema kwa sentensi fupi, macho yake kwenye kiatu cha mama yake. Darasa lilinguruma kama mzinga wa nyuki, kisha likatulia. Bibi wa Ngoja alimtazama kwa jicho ambalo Redio hangelisahau upesi.

Ngoja akashika chaki. Nusu jumlisha theluthi. Mbili juu ya tano.

Mtu alicheka nyuma. Profesa hakucheka. Alisogea karibu na ubao, akaegemea fimbo yake. "Vizuri sana kwamba umetuandikia unachofikiri. Nani mwingine angeandika hivyo?"

Mkono mmoja ulipanda, mwenyewe akitazama huku na huku. Ukapanda wa pili. Kisha ikapanda mikono darasa zima, na chini ya mikono ile kulikuwa na nyuso zinazoshangaana. Kumbe na wewe? Kumbe hata wewe?

Mwalimu Nionyeshe akampa Ngoja vipande viwili vya karatasi virefu vilivyolingana. "Hiki kikunje katikati. Hiyo ni nusu. Hiki kingine kigawe sehemu tano, uchukue mbili. Linganisha."

Ngoja alikunja, akalinganisha. Akalinganisha tena. Uso ukambadilika.

"Ngoja kwanza," alisema. "Mbili juu ya tano ni ndogo kuliko nusu. Nilikuwa na nusu, nikaongezewa, halafu nimebaki na pungufu ya nusu. Nani kaniibia?"

Darasa lilipasuka kwa kicheko, na safari hii Ngoja alicheka nalo. Akapewa kipande kingine, akakigawa sehemu sita. Akahesabu kwa kidole: nusu ni tatu, theluthi ni mbili. "Tano juu ya sita," alisema polepole. Alikuwa amelikariri jibu hilo siku zote zile, na ndiyo kwanza analiona. Bibi yake alipiga makofi peke yake, kwa muda mrefu, bila haya.

Kazi ya muhula ule ilitupwa, na haikuwa hasara ndogo. Profesa alimruhusu Mwalimu Nionyeshe kuzimalizia wiki zilizobaki pale pale shuleni, na darasa likarudi nyuma mpaka kwenye sehemu. Ufunguo wa kabati Redio alinyang'anywa, akapewa Ngoja. Redio alibaki na kikapu tu, na alikibeba.

Ijumaa iliyofuata walikaa wote wawili kwenye chumba kile kilichopakana na ofisi, vishikwambi vimewazunguka. Ngoja alifungua cha Redio.

"La tatu umekosea," alisema, akitabasamu mpaka gego la mwisho. "Na wewe kumbe binadamu."

Redio alichungulia. Kweli alikuwa amekosea. Kidole kilimwasha. Kurekebisha kungemchukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Alikibana kidole kile kwenye ngumi, akatumia cha mkono mwingine kubonyeza Tuma.

Mwalimu Nionyeshe alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Akaingia, akaketi kati yao.

"Ulitaka kunisaidia, hilo nalijua," alimwambia Redio. "Lakini huwezi kumsaidia mtu kwa kumdanganya, hata ukimpenda namna gani. Mimi niliamini uongo wako nikapotea njia, na darasa zima likapotea nyuma yangu. Nipe ukweli, hata ukiwa umekunjamana. Na usipoelewa jambo, uliza. Mdomo unao, sote tunaujua."

"Mwalimu," Redio alisema, "naomba niulize."

"Uliza."

"La tatu nimekosea wapi? Maana nilianza na kutafuta asili ya pamoja, ile namba ya chini, halafu nikazidisha, halafu Ngoja akanikoholea sikioni, halafu sijui ikawaje, na kabla ya hapo nilikuwa nimeshafikiria labda—"

Kutoka getini mlinzi aliisikia sauti ile, akamgeukia jogoo wake. "Umesikia? Imerudi hewani."